Uuguzi wa Mkataba wa Kusafiri Nchini Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa muuguzi mwenye leseni ya RN (muuguzi aliyesajiliwa) Marekani anayefikiria kuacha ajira ya kudumu na kuanza kufanya kazi kwa mikataba mifupi, leo Texas, baada ya miezi mitatu Washington. Tumeanza na maswali ya sifa na nyaraka, kisha fedha na kodi, halafu mkataba wenyewe na maisha ya kazini.

Kazi hii inafanyikaje?

Hospitali ikipungukiwa na wauguzi, kwa sababu ya likizo za uzazi, msimu wa mafua, kufungua wodi mpya au watu kuacha kazi, hutangaza nafasi ya muda kupitia mawakala wa ajira. Mkataba wa kawaida ni wiki 13. Ipo pia ya wiki 8 na ya wiki 26. Saa zinazozoeleka ni 36 kwa wiki, yaani zamu 3 za saa 12, ingawa mikataba ya saa 48 hutolewa pale upungufu unapokuwa mkubwa.

Jambo la kushika mapema ni kwamba mwajiri wako ni wakala. Wakala ndiye anayekulipa, anayekata kodi na anayekupa bima. Hospitali inakupangia zamu na kukusimamia, lakini haina mkataba na wewe. Meneja wa wodi akikuahidi jambo kwa mdomo kwenye mahojiano, wakala hafungwi nalo. Migogoro mingi ya kazi hii inaanzia hapo, kwa hiyo kila ahadi iingizwe kwenye mkataba wa wakala kabla hujasaini.

Nahitaji uzoefu wa muda gani?

Hospitali nyingi zinataka mwaka 1 hadi 2 katika idara ileile unayoiombea, na uwe wa karibuni. Miaka mitano ya wodi ya kawaida haikufungulii mlango wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi.

Sababu iko kwenye siku ya kwanza. Mwajiriwa mpya wa kudumu hupewa wiki kadhaa za kufuatana na mwenzake. Wewe utapewa zamu 1 au 2. Asubuhi unaonyeshwa toroli la dharura lilipo, kabati la dawa la kompyuta linavyofunguliwa, na namba ya kupiga mgonjwa akizidiwa. Kufika mchana una wagonjwa wako kamili, na wenzako wanakuona kama mtu aliyeletwa kuziba pengo. Kwa hiyo jipime hivi: mgonjwa wako shinikizo la damu likianza kushuka saa 9 usiku, unajua hatua tano za kwanza bila kumtafuta mtu wa kumuuliza? Kama bado, ongeza mwaka mmoja ulipo. Hakuna aibu ndani yake, na wagonjwa watakuwa salama zaidi.

Utajaza pia orodha ya ujuzi, kila kazi ukijipa alama, mara nyingi 1 hadi 4. Jaza ukweli. Ukijipa 4 kwenye mashine ya kusafisha damu mfululizo ambayo umeigusa mara mbili, ndiye mgonjwa utakayepangiwa, na karatasi uliyosaini itakuwa ushahidi dhidi yako mambo yakiharibika.

Nilikuja Marekani kwa kudhaminiwa na mwajiri. Naweza kuingia kwenye mikataba hii?

Nafasi hizi zinataka mtu mwenye haki ya kufanya kazi kwa mwajiri yeyote, kwa kawaida raia au mwenye kadi ya ukazi wa kudumu. Wauguzi wengi waliodhaminiwa kwa njia ya EB-3, yaani viza ya ukazi inayotokana na ajira, wanapata kadi hiyo, lakini bado wanafungwa na mkataba wa miaka kadhaa na aliyewadhamini, wenye faini kwa anayeondoka mapema. Usome mkataba ule kwanza, pamoja na wakili wa uhamiaji. Ukiondoka mara tu baada ya kupata kadi, swali la kama kweli ulikuwa na nia ya kufanya kazi kwa mdhamini wako linaweza kurudi siku utakapoomba uraia.

Leseni yangu ya jimbo moja inatosha?

Inategemea unaishi jimbo gani. Kuna mapatano ya leseni za uuguzi, yaliyoanza mwaka 2000 na kuboreshwa Januari 2018, ambayo sasa yana zaidi ya majimbo na maeneo 40. Ukiwa mkazi wa jimbo lililomo na ukapewa leseni ya majimbo mengi, unafanya kazi katika yote bila kuomba nyingine. California, New York na Oregon hazimo, kwa hiyo huko utaomba leseni ya jimbo hilo peke yake.

Mambo mawili huwaponza watu. La kwanza, leseni hii inafuata jimbo unaloishi kisheria, linalothibitishwa na leseni yako ya udereva, uandikishaji wa kupiga kura na fomu yako ya kodi ya serikali kuu. Muuguzi wa Texas anayekwenda California kwa mkataba, akafurahia hali ya hewa na kubadilisha leseni ya udereva kuwa ya huko, leseni yake ya majimbo mengi inageuka kuwa ya jimbo moja. La pili, ukihama moja kwa moja kutoka jimbo la mapatano kwenda jingine la mapatano, kanuni iliyoanza Januari 2, 2024 inakupa siku 60 tu za kuomba leseni ya jimbo jipya.

Kwa California anza mapema. Alama za vidole za kielektroniki zinachukuliwa ndani ya jimbo hilo tu. Aliye nje hutuma kadi za wino, na hizo huchelewa, na zikiwa na ukungu hurudishwa uanze upya. Wengi hupanga safari fupi ya kwenda kuchukuliwa alama huko na kumaliza jambo siku hiyohiyo. Kabla ya kuomba popote, ingia Nursys, tovuti ya kuthibitisha leseni za wauguzi, uhakikishe jina, hali ya leseni na tarehe ya kuisha viko sawa. Jina likitofautiana kati ya leseni, kadi ya hifadhi ya jamii na pasi, lirekebishe kabla ya jambo jingine lolote.

Niandae nyaraka zipi?

Ziweke zote kwenye folda moja ya mtandaoni, kila moja PDF yake, jina la faili likiwa na tarehe ya kuisha:

- Leseni, wasifu wa kazi wenye mwezi na mwaka wa kila ajira, na maelezo ya pengo lolote. Kwa kila hospitali andika idadi ya vitanda, uwiano wa wagonjwa na mfumo wa kompyuta, kwa mfano Epic, Cerner au Meditech.
- Vyeti vya kuokoa maisha: BLS (ya msingi), na kulingana na idara, ACLS (watu wazima), PALS (watoto) au NRP (watoto wachanga). Zinadumu miaka 2. Hospitali nyingi hutaka kadi ya American Heart Association, na cheti cha kozi iliyofanywa mtandaoni tupu bila jaribio la vitendo hukataliwa.
- Wadhamini wawili wa kueleza utendaji wako wa kazi, ikiwezekana meneja au muuguzi kiongozi wa zamu aliyekusimamia ndani ya mwaka uliopita.
- Kipimo cha damu cha kingamwili za surua, matumbwitumbwi, rubela, tetekuwanga na hepatitisi B, chanjo ya pepopunda pamoja na kifaduro, na ya mafua kwa msimu.
- Kipimo cha kifua kikuu, cheti cha afya kutoka kwa daktari, na kipimo cha barakoa ya N95 cha mwaka huu.

Upande wa afya ndio unaochelewesha watu kuanza kazi kuliko kitu kingine. Kipimo cha kifua kikuu cha ngozi husomwa saa 48 hadi 72 baada ya kuchomwa, na hospitali zinazotaka cha hatua mbili zinakurudisha tena baada ya wiki 1 hadi 3. Cha damu kinamalizika kwa safari moja, na tunakipendelea kwa sababu hiyo. Kingamwili za surua zikionekana kuwa chini, utachanjwa dozi 2 zenye angalau siku 28 katikati. Sasa angalia mtego: chanjo ya surua inaweza kudhoofisha majibu ya kipimo cha kifua kikuu, hivyo kipimo kifanyike siku ileile ya chanjo, au kisubiri wiki 4 na zaidi. Aliyechanjwa Jumatatu akaenda kupimwa Ijumaa anaweza kuambiwa arudie, na tarehe yake ya kuanza ikapita.

Utapimwa mkojo kwa dawa za kulevya. Bangi halali ya jimbo mara nyingi haikusaidii, wakala na hospitali wanafuata sera zao. Kama unatumia dawa ya daktari inayoweza kuonekana, uwe na karatasi yake.

Nijiandikishe kwa mawakala wangapi?

Wawili au watatu. Mmoja tu hukunyima cha kulinganisha, na sita watakupigia simu hadi uchoke. Nafasi ileile ya hospitali ileile huuzwa na mawakala wengi kwa malipo tofauti, kwa hiyo uliza kila mmoja.

Sharti moja: usiruhusu mawakala wawili kupeleka jina lako kwenye nafasi moja. Hospitali ikiona majina mawili, mara nyingi hutupa yote. Mwambie kila ofisa wa wakala anayekutafutia nafasi, kwa maandishi: "Usipeleke wasifu wangu popote kabla sijakujibu ndiyo kwa ujumbe." Ofisa anayekataa kukuandikia mchanganuo wa malipo kabla ya kupeleka jina, muache.

Malipo yanahesabiwaje? Mbona tangazo linasema dola 2,000 kwa wiki na mshahara wa saa ni mdogo?

Kwa sababu malipo yana sehemu mbili: mshahara wa saa unaokatwa kodi, na posho za nyumba na chakula ambazo hazikatwi kodi kwa mwenye sifa. Tuchukue mfano wa hesabu, saa 36 kwa wiki:

Mshahara wa dola 22 kwa saa mara 36 ni dola 792. Posho ya nyumba dola 840. Posho ya chakula dola 400. Jumla dola 2,032. Gawanya kwa 36 upate thamani halisi ya saa yako moja, dola 56.44. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha mkataba na mkataba, na usiilinganishe kabla ya kutoa kodi ya nyumba ya mji huo. Dola 2,300 kwa wiki katika mji ambao chumba ni dola 2,400 kwa mwezi zinaweza kukuachia kidogo kuliko dola 1,900 pengine.

Sasa endelea na hesabu hiyohiyo, maana humu ndimo fedha zinapopotea. Mikataba mingi hupunguza posho kwa kila saa usiyofanya. Posho zote ni dola 1,240, kugawanya kwa 36 ni dola 34.44 kwa saa. Ukikosa zamu moja ya saa 12, unapoteza mshahara wa dola 264 na posho ya dola 413 na senti. Zamu moja tu imekugharimu dola 677, na kodi ya nyumba inakusubiri palepale. Tafuta kifungu hicho kwenye mkataba wako na ufanye hesabu yake kabla ya kusaini.

Saa za ziada nazo. Ukilipwa mara moja na nusu ya dola 22 unapata dola 33. Saa ya ziada, ukiwa umechoka kuliko saa zote, inalipa pungufu ya ile ya kawaida yenye thamani ya dola 56! Omba kiwango maalumu cha saa za ziada kiandikwe, ukikitaja kwa dola. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 9, inayohudumia California na majimbo mengine ya magharibi, iliamua kwenye kesi ya wauguzi wa mkataba kwamba posho iliyokuwa ikipanda na kushuka kulingana na saa zilizofanywa ilikuwa malipo ya kazi, na lazima iingie kwenye msingi wa kukokotoa saa za ziada. Kwa hiyo mikataba ya huko hupangwa tofauti. Usikopi hesabu za rafiki aliye Georgia.

Kuna athari nyingine ya mshahara mdogo wa kwenye karatasi. Mafao ya hifadhi ya jamii, fidia ya kuumia kazini na malipo ya kukosa kazi huangalia mshahara unaokatwa kodi. Benki nazo, ukiomba mkopo wa nyumba, huenda zisihesabu posho. Anayepanga kununua nyumba mwakani aangalie jambo hili sasa.

Nani anastahili posho zisizokatwa kodi?

Mwenye makao ya kikodi, na anayelala mbali nayo kwa ajili ya kazi ya muda. Hili ndilo swali wauguzi wanajibiwa vibaya zaidi, tena na wenzao wenye nia njema, kwa hiyo tutalikalia.

Posho ipo ili kufidia gharama unazobeba mara mbili: unalipia nyumba kwenu na unalipia nyingine unakofanya kazi. Usipokuwa na nyumba unayoilipia, hakuna kinachofidiwa. Kwa kawaida makao ya kikodi ni eneo la kazi yako kuu. Muuguzi anayesafiri mwaka mzima hana kazi kuu ya mahali pamoja, hivyo mamlaka ya mapato ya Marekani, IRS, huangalia mambo matatu. Je, unafanya kazi kiasi fulani katika eneo la nyumbani na kulala hapo unapoifanya? Je, gharama za nyumba hiyo zinajirudia unapokuwa safarini? Je, hujalitelekeza eneo hilo, yaani familia yako inaishi hapo au wewe mwenyewe hurudi kulala hapo mara kwa mara? Ukitimiza yote matatu, una makao. Mawili, inategemea hali yako. Moja tu, unahesabiwa kuwa mtu asiye na makao, na kila dola ya posho ni mshahara unaostahili kukatwa kodi.

Anwani ya shangazi unayoitumia kupokea barua haikufanyi uwe na makao. Ukikaa kwa ndugu, mkataba wa upangaji uandikwe, ulipe kila mwezi kiasi kinacholingana na bei ya chumba eneo hilo, kwa benki au hundi, naye ayatangaze malipo hayo kama mapato yake. Fedha za mkononi bila risiti hazitakusaidia siku ya ukaguzi. Njia inayowasaidia wengi ni kubaki na kazi ya zamu za kuitwa kwenye hospitali ya nyumbani, ukarudi kufanya zamu chache kati ya mikataba. Inakupa jambo la kwanza na la tatu kwa pamoja, na inakuweka karibu na wadhamini wako.

Wakala atakusainisha tamko kwamba una makao ya kikodi. Anayewajibika ni wewe uliyesaini. Kama huna, sema, na uombe malipo yote yawe mshahara unaokatwa kodi. Mkononi utapata pungufu, lakini hutalala ukihofia barua ya IRS, na ni fedha zako halali, zinazohesabika kwa benki na kwa hifadhi ya jamii.

Hifadhi risiti za kodi ya nyumba ya kwenu, bili za umeme, mikataba yote ya kazi, na kumbukumbu ya kilomita au maili za kila safari. Utajaza ritani ya kila jimbo linalotoza kodi ya mapato ulikofanya kazi pamoja na ya jimbo lako. Tafuta mhasibu aliyezoea wafanyakazi wa kusafiri. Na tangu 2018, mwajiriwa hawezi tena kudai gharama za kazi ambazo hakufidiwa kwenye ritani ya serikali kuu, kwa hiyo lile ambalo wakala hakulipi, IRS haikurudishii.

Ile kanuni ya maili 50 je?

Haiko kwenye sheria ya kodi. Ni sera ya hospitali au wakala ya kutowaajiri watu wa jirani kwa bei ya wasafiri. IRS inaangalia kama kazi ilikulazimu kulala mbali na nyumbani. Ukiendesha maili 60 na kurudi kulala kitandani kwako, hustahili posho ya nyumba.

Naweza kuongeza mkataba hospitali moja hadi lini?

Kwa upande wa kodi, mwaka 1. Kazi ikitarajiwa kuvuka mwaka mahali pamoja, si ya muda tena, na posho zinageuka mshahara tangu siku matarajio hayo yalipobadilika, hata kama mwaka haujafika. Ukisaini nyongeza itakayokupeleka mwezi wa 14, umeshabadilika siku ya kusaini.

Kwenye mahojiano ya simu niulize nini?

Mahojiano huchukua dakika 15 hadi 30, na wewe pia unawahoji. Uliza muuguzi mmoja ana wagonjwa wangapi usiku wa kawaida, na wangapi usiku mbaya. California ina uwiano wa kisheria tangu 2004, wagonjwa 2 kwa muuguzi ICU na 5 wodi ya kawaida. Majimbo mengi hayana, kwa hiyo jibu la meneja ndiyo kinga yako pekee. Uliza wasafiri wanapelekwa wodi zipi nyingine na kama wao ndio wa kwanza kupelekwa, kuna wasaidizi wangapi wa wauguzi, zamu hupangwa na nani, wikiendi ngapi, na zamu ngapi zilifutwa mwezi uliopita. Uliza pia ni wasafiri wangapi wameongeza mikataba. Wodi ambayo wasafiri wanabaki ina kitu kizuri.

Andika majibu yake wakati mnaongea. Ukishakata simu, mtumie ofisa wako barua pepe: "Meneja amesema hivi na hivi, naomba yaingie kwenye mkataba."

Vifungu gani vya mkataba nivisome mara mbili?

Saa za uhakika. Je, hospitali ikiwa na wagonjwa wachache na kukurudisha nyumbani, unalipwa? Mikataba mingi inairuhusu kufuta zamu 1 kwa kila wiki mbili bila malipo. Katika wiki 13 hizo zinaweza kufika zamu 6, na kwa mfano wetu wa juu ni zaidi ya dola 4,000.

Kuvunja mkataba. Angalia notisi ya kila upande. Si ajabu kukuta hospitali inaweza kuuvunja wakati wowote, wakati wewe unadaiwa nyumba ya wakala na gharama nyingine. Omba notisi iwe sawa kwa pande zote, na faini itajwe kwa kiasi. Wasipokubali, utakuwa umejua unachoingia.

Siku za mapumziko. Harusi, mtihani, safari ya nyumbani, ziandikwe kwa tarehe. Zilizotajwa kwa mdomo hazipo.

Zamu. "Mchana" na "mchana au usiku" ni mikataba miwili tofauti.

Na mwisho, kifungu cha kukuzuia kuajiriwa na hospitali hiyo baadaye bila ruhusa ya wakala.

Nikipelekwa wodi nisiyoiweza nifanye nini?

Sema kabla ya kupokea ripoti ya zamu. Ukishapokea ripoti na kukubali wagonjwa, kuondoka bila kukabidhi kunaweza kuhesabiwa kuwatelekeza, na hilo linagusa leseni yako. Kabla ya hapo ni mazungumzo ya kazi kati yako na kiongozi wa zamu.

Usiseme "siendi" tu. Taja unachoweza na usichoweza: "Naweza kuchukua wagonjwa wa kawaida, kutoa dawa na kuchukua vipimo. Sijafunzwa kusoma mapigo ya mtoto tumboni, kwa hiyo siwezi kuachiwa mama mwenye uchungu." Mara nyingi hupangwa upya ndani ya dakika chache. Isipopangwa, panda kwa msimamizi wa hospitali wa zamu hiyo, kisha mpigie muuguzi wa wakala, mawakala wengi wanaye wa saa 24. Andika saa, majina na maneno. Texas ina utaratibu wa kisheria wa kumlinda muuguzi anayeamini kwamba kazi aliyopangiwa ni hatari kwa mgonjwa, lakini lazima uutangaze wakati ule unapopangiwa, siyo kesho yake. Jifunze sheria ya jimbo kabla ya zamu ya kwanza.

Bima ya makosa ya kitabibu ya wakala inamlinda wakala kwanza. Nunua yako mwenyewe, na hakikisha inakufuata jimbo hadi jimbo na inagharamia wakili mbele ya bodi ya uuguzi.

Nyumba nitaipataje?

Chukua posho utafute mwenyewe, au ukae nyumba ya wakala na posho ibaki kwake. Ya wakala inafaa mkataba wa kwanza katika mji usioujua, kwa sababu mkataba ukivunjika hubaki na kodi ya nyumba ya miezi miwili mgongoni. Anayetafuta mwenyewe hupata nafuu zaidi ya fedha. Furnished Finder ni tovuti inayotumiwa sana na wauguzi.

Matapeli wanawajua wauguzi wa kusafiri: wana fedha, wana haraka, na hawajafika mjini. Tangazo lina picha nzuri, bei iko chini ya soko, mwenye nyumba "yuko nje ya nchi" na anataka amana kwa njia ya kutuma fedha isiyorudisha. Usitume kitu kabla hujaonyeshwa nyumba kwa video ya moja kwa moja, aliyeishika simu akiwasha bomba unalomtajia na kutoka nje hadi namba ya jengo ionekane. Linganisha jina lake na rekodi za umiliki za kaunti, nyingi ziko wazi mtandaoni. Usalama zaidi ni kulala wiki ya kwanza kwenye hoteli ya kukaa muda mrefu, ukaenda kuona nyumba kwa miguu yako.

Kwenye mkataba wa upangaji omba kifungu kimoja: kazi ikifutwa na hospitali, unaruhusiwa kuondoka kwa notisi ya siku 14 au 30.

Bima ya afya kati ya mikataba inakuwaje?

Uliza siku ambayo bima inaanza, na siku inayokufa. Kwa wakala mmoja inaanza siku ya kwanza ya kazi, kwa mwingine baada ya siku 30. Wengine huikata usiku wa zamu ya mwisho, wengine mwisho wa mwezi.

Kwa pengo fupi kuna COBRA, sheria inayokuruhusu kuendelea na bima ya mwajiri wako wa zamani kwa kuilipia mwenyewe. Una siku 60 za kuamua, na ukiichagua inarudi nyuma hadi siku bima ilipokatika, mradi ulipe michango yote ya kipindi hicho. Ni ghali, hufika asilimia 102 ya gharama nzima. Mwenye pengo la wiki tatu anaweza kusubiri, na kuichagua tu akiugua ndani ya muda huo. Mwenye watoto au ugonjwa wa kudumu ni heri awe na bima yake aliyoinunua mwenyewe kwenye soko la bima la serikali, isiyotegemea wakala yeyote.

Mkataba ukifutwa kabla ya kuanza, au katikati?

Hutokea, na mara nyingi si kosa lako: wagonjwa wamepungua, bajeti imekatwa. Siku hiyohiyo omba barua pepe inayotaja sababu, kwa maneno "idadi ya wagonjwa" au "bajeti", ili wakala mwingine asidhani ulifukuzwa. Uliza fidia iliyoandikwa kwenye mkataba. Mpe mwenye nyumba notisi. Kisha wajulishe mawakala wako wengine wawili kwamba uko huru na nyaraka zako ziko tayari, maana anayeweza kuanza Jumatatu hupewa nafasi kabla ya mwenye wasifu mnene.

Kwa sababu hii usianze mkataba wa kwanza bila akiba ya gharama za wiki 6: nyumba mbili, gari, chakula na bima.

Wiki ya mwisho nifanye nini?

Muombe kiongozi wa zamu au meneja akujazie fomu ya tathmini ukiwa bado wodini, maana baada ya mwezi atakuwa amekusahau au ameondoka. Hakiki saa zako za wiki mbili za mwisho na upige picha karatasi zilizosainiwa. Pakua hati zote za malipo na kumbukumbu za afya kutoka tovuti ya wakala kabla hawajafunga akaunti yako. Maliza kumbukumbu za wagonjwa zilizobaki wazi kwenye kompyuta. Rudisha beji, funguo na simu ya wodi kwa mtu unayemjua jina, na umuombe akuandikie kwamba amevipokea, kwani baadhi ya mawakala hukata fedha kwenye hundi ya mwisho kwa beji ambayo muuguzi aliiacha mezani.